Risiva ya Marehemu Wakhungu

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong wakati Achola alipoingia dukani kwa Jimale. Alikuwa amebeba kifuani risiva, mashine ya kuendesha spika, ya marehemu mume wake, imefungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa. Alikuwa amefundisha kutwa nzima, akapika, akamwacha binti yake Immaculate kwa jirani. Miguu ilikuwa inamwambia arudi nyumbani. Lakini jambo hili alikuwa ameliahirisha tangu mazishi.

Jimale aliuza televisheni na spika za mitumba pale Kitengela, na binti yake Faysa alisoma darasa la Achola. Jimale akaiunganisha risiva, akaigonga kwa kiganja, akatega sikio.

"Mwalimu, hii imechoka. Si unasikia mwenyewe?"

"Nasikia."

"Watu wa sinema wanaongea ni kama wako na uji mdomoni. Wacha nichukue hii, uongeze kitu kidogo, nikupatie ile." Akaonyesha risiva nyeusi, nyembamba, iliyokuwa kwenye rafu. "Hiyo, kila spika inapata sauti yake. Ya mbele ni ya mbele, ya nyuma ni ya nyuma. Hazichanganyiki."

Achola aliitazama ile ya zamani. Mumewe, Wakhungu, ndiye aliyezipachika zile spika tano nyumbani, mbili zikiwa nyuma ya kochi, akiimba kwa Kibukusu huku amepanda stuli inayotikisika. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo Achola hakuwa amemwambia mtu. Hata pasta.

Risiva ile iliongea.

Si kila wakati. Ni giza lilipoanza kuingia, televisheni ikiwa imezimwa. Spika zilinguruma chini chini... mmm... mmm... kama mtu anayeongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Maneno hayakushikika. Lakini mwendo wa sauti aliujua. Alikuwa amelala kando ya sauti ile ndoa yake yote.

Kwa hivyo kila jioni alikaa pale, akatega sikio mpaka shingo ikauma, akasinzia na viatu miguuni. Akibadilisha, huenda Wakhungu angepotea kabisa. Asipobadilisha, angezeeka kwenye kochi lile akisikiliza uji.

"Ikinyamaza je?" akauliza.

"Hiyo mpya? Hiyo hainyamazi, Mwalimu."

Achola akacheka bila nguvu. Kisha akakunja leso, akaiacha ile ya zamani mezani.

Kesho yake jioni aliiunganisha ile mpya mwenyewe, waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya. Immaculate alikuwa amelala mapema kwa sababu ya mafua. Achola hakuwasha televisheni. Alikaa tu kwenye kochi, mikono mapajani.

Nje, mbwa wa Naserian, jirani yao, alibweka mara moja. Akanyamaza.

Harufu ikaingia. Udongo mweusi uliolowa maji. Na mvua ilikuwa haijanyesha Kitengela kwa miezi.

Kisha, nyuma ya kichwa chake, kwenye spika ya kushoto, mtu akashusha pumzi.

"Ni mmoja," sauti ikasema. "Nimekuambia ni mmoja tu."

Wakhungu!

Machozi yalimtoka Achola kabla hajafikiri. Ilikuwa sauti yake, safi, na kile kikohozi chake kidogo. Alitaka kugeuka, aseme niko hapa, baba Imma. Lakini spika ya mbele ikafanya khrr... na sauti nyingine ikatoka pale.

"Wako wangapi ndani?"

Hakuijua sauti hiyo. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya upole, ya mtu ambaye hana haraka.

"Mmoja," Wakhungu akajibu kutoka nyuma. "Ni mama peke yake."

"Jana ulisema mmoja."

"Na leo ni mmoja."

"Wako wangapi ndani?"

"Mmoja."

Sauti ya Wakhungu ilikuwa imechoka. Imechoka kuliko siku zile za hospitali. Hapo ndipo Achola alipoelewa. Jioni zote zile alizokaa akidhani mumewe anamsemesha, hakuwa akisemeshwa yeye. Mumewe alikuwa anahojiwa. Swali lile lile, kila jioni. Na kila jioni alidanganya.

Alikuwa anamficha mtoto.

Achola akaziba mdomo kwa mkono. Akanyoosha mwingine polepole kuelekea kwenye swichi ya ukutani. Vidole vilikuwa karibu kufika...

Mlango wa chumbani ukalia.

"Mama?" Immaculate alisimama pale na blanketi mabegani. "Mama, nani anaongea?"

Spika zote zikanyamaza.

Hata friji ilinyamaza.

Kisha ile ya mbele, kwa upole ule ule:

"Wawili."

"Achola, toka!" Wakhungu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mbebe mtoto, toka sasa hivi!"

Hakukumbuka baadaye alivyofungua mlango. Alikumbuka tu changarawe chini ya nyayo, na Naserian akiwavuta ndani ya nyumba yake bila kuuliza. Mama yule aliwafunika wote wawili kwa shuka moja, akatia chai, akangoja mpaka meno ya Achola yaache kugongana ndipo akasikiliza yote.

Alipomaliza kusikiliza, Naserian aliinuka akatia komeo mlangoni.

"Mama Imma, kuna kitu sikukuambia," akanong'ona. "Niliona ni vibaya kukuongezea huzuni. Wiki ile baba Imma alianza kuugua, kuna mtu alisimama kwa geti yenu jioni. Baba Imma mwenyewe aliniambia. Mtu mpole tu. Alimuuliza kwa hii nyumba mko wangapi. Yeye akadhani ni mwizi anapima boma."

"Akamjibu nini?"

"Akasema, niko peke yangu."

Achola hakurudi kulala kwenye nyumba ile. Vitu vilitolewa mchana, na ile risiva mpya aliiacha pale pale, pamoja na nyaya na spika zake. Walihamia Embulbul, chumba kimoja, bila redio wala televisheni. Immaculate hakuugua. Alikua, akasahau. Achola ndiye hakupumzika. Giza lilipoanza kuingia alimfikiria Wakhungu kwenye nyumba tupu, anaulizwa, na hana tena mtu wa kumficha. Kama amepumzika au la, hakuwa na njia ya kujua. Alitamani hata ule uji.

Miezi ikapita. Jioni moja simu ikalia. Alikuwa Naserian, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto na ng'ombe.

"Na ile nyumba yenu imepata watu," Naserian akasema. "Wameingia jana. Hata wamefurahi sana kukuta spika zimepachikwa tayari."

Achola alikuwa amechoka. Alikuwa amevua viatu, kichwa kimeegemea ukuta, na maneno yakamtoka kabla hajayasikia mwenyewe, polepole, kwa upole, kama mtu ambaye hana haraka.

"Wako wangapi?"

Upande wa pili, Naserian akakata simu.