Turubai la Njia ya Majohe

Kila Jumamosi alfajiri, akishafagia uwanja, Flaviana alisimama kando ya guta, pikipiki ya magurudumu matatu ambayo Venance, baba yake, alitumia kuwapelekea wafugaji vifaranga. Jua la Gongo la Mboto halina huruma na kifaranga wa siku moja. Kwa hiyo njia ilipangwa kabla ya safari, na barabara yenye matope ilikwepwa. Baba hakuwasha injini kabla ya kumuuliza bintiye, "Leo tupite wapi, mama?"

Swali hilo lilihama siku alipokuja Bupe, binti wa mama mkubwa wa Tukuyu. Bupe aliisoma ramani ya simu kama wengine wasomavyo hadithi. Haukupita muda, Baba akawa anamwita rubani. Flaviana alicheka pamoja nao, lakini moyoni kitu kilimchoma kama pilipili jichoni.

Ijumaa jioni, alipotumwa dukani, aliwaona vijana wakifunga turubai la msiba katikati ya njia ya Majohe, kutoka ukuta hadi ukuta. Kesho yake Bupe akapendekeza njia hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa fupi na kavu. Baba akamgeukia Flaviana, akamuuliza kama alikuwa na la kuongeza.

"Rubani si yupo?" akajibu, akitazama pembeni.

Alitaka Bupe akosee, hata mara moja tu.

Walipokata kona wakakuta turubai na waombolezaji. Baba akazima injini palepale, kwani msiba haupigiwi honi. Nyuma yao lori la mchanga lilikuwa limeshaziba njia, na dereva wake ameshuka kwenda kutoa pole. Jua likapanda. Milio ndani ya maboksi ikaanza kufifia. Flaviana alipochungulia, aliwaona vifaranga wamefungua midomo, wakitweta. Walikuwa wa Mama Eufrazia, ambaye kuku wake wote waliteketea kwa ugonjwa wa kideri, na sasa alikuwa anaanza upya.

Bupe alikuwa akilia kimya. "Nisamehe, baba mdogo. Kosa ni langu."

Flaviana alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu asubuhi. Yalipofika, hakuyaonea utamu wowote.

"Si lake," akasema. "Mie niliona turubai jana. Nilinyamaza makusudi."

Hakungoja jibu. Aliwaendea wanawake waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba, akawaamkia, akawaomba maboksi yapitishwe uani hadi upande wa pili. Mama mmoja akauliza taratibu kama hao walikuwa wa mchuzi. Wenzake wakamkanya huku wakificha tabasamu, kisha wakasaidia kubeba. Huko wakakodi bajaji, ikawafikisha kwa Mama Eufrazia. Vifaranga wachache walikuwa wamekufa, na ni Flaviana mwenyewe aliyemweleza sababu.

Waliporudi nyumbani, Baba aliwaketisha wote wawili.

"Bupe anaijua ramani," akasema. "Wewe, Flaviana, unaujua mtaa. Ramani haina jirani wa kuipa habari za msiba, wewe unaye. Leo nilikuuliza, ukaninyima jibu. Wivu wako ulimtegea Bupe mtego, wakanaswa viumbe wasiokukosea lolote. Mwenzako akijaliwa, hujapungukiwa wewe. Lakini ukificha unachokijua ili aanguke, tunapungukiwa sote. Jumamosi ijayo nitawauliza nyote wawili, na sitaliondoa guta hapa mpaka kila mmoja awe amenijibu."