PAMBA NDANI YA SPIKA

"Mchawi atoke nje!"

Jamani, nilidhani ni walevi wanapita. Nikachungulia dirishani...

Uwanja mzima umejaa wanaume! Mapanga. Marungu. Mbele yao Jilala mwenye baa, mkononi kashika bonge la pamba, na anamwonyesha mama yangu mzazi!

"Dawa yako hii hapa! Imetolewa ndani ya spika yangu! Spika imekufa, mwanangu yuko hoi kwa homa, na wewe umekaa hapa unasokota pamba!"

Mama alikuwa katoka Lalago kunisaidia uzazi. Asubuhi ile alikaa mkekani akisokota tambi za koroboi. Macho yake mekundu, moshi wa kuni wa maisha yote. Wenzangu wa Usukuma mnajua, enzi zile bibi kizee mwenye macho mekundu alikuwa anaishi kwa kudra za Mungu tu.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi kwa mara ya kwanza. Pesa ilimwagika! Jilala akaenda Mwanza, akarudi na stereo kuukuu ya Kijapani, spika mbili kama makabati. Moja ikagoma. Akamletea mume wangu Selestini, fundi aliyefanyia kazi pale pale sebuleni.

Mimi ndiye nilikuwa namshikia taa na kurudishia skrubu. Kwa hiyo nilijua, na yeye alijua kuliko mimi, kwamba spika kubwa huwekwa pamba ndani huko huko kiwandani, ili sauti isitoke kama debe.

Nikamgeukia. Yuko mlangoni, bisibisi mkononi.

"Baba Zengo, waambie!"

Akaigeuzageuza bisibisi ile.

"Selestini! Waambie ile pamba ni ya nini!"

Akatazama vidole vyake vya miguu.

Mmoja akamkamata mama mkono. Nikajitupa katikati kama mwendawazimu.

"Jilala! Spika ya pili iko wapi?"

"Baa."

"Kuna mtu amewahi kuifungua?"

"Haijaguswa tangu Mwanza."

"Ilete! Nikiifungua nisikute pamba, mtuue wote, mama na binti!"

Wakaifuata. Nikampokonya mume wangu bisibisi. Skrubu zimekaza, mama nyuma yangu anasali Salamu Maria kwa Kisukuma. Nikavuta mfuniko...

Pamba! Nyeupe, imejaa tele!

Watu wakatazamana. Jilala akawa mdogo.

"Sasa fundi... si wewe uliyeniambia umekuta dawa ndani?"

Nikamgeukia Selestini.

"Nili... niliunguza koili ya spika nikiijaribu," Selestini akagugumia. "Niliogopa, nikasema la kusema. Lakini Milembe, haki ya Mungu, sikumtaja mama yako!"

"Ulihitaji kumtaja?"

Rungu lilishamshukia begani, akaanguka. Mapanga yote yakamgeukia yeye. Akanitazama mimi, vile vile nilivyokuwa nimemtazama yeye.

Na mimi, mdomo ukawa mzito.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Lakini siku ile mama alimlalia Selestini mwili mzima na kumfunika kwa khanga yake!

"Mmesema mimi mchawi, siyo? Haya, ni mchawi! Atakayemgusa mkwe wangu, jua likizama asije kuniomba msamaha!"

Hee! Wale wanaume na mapanga yao walirudi nyuma wakigongana. Jilala ndiye alitangulia kutoka.

Nililia nikamwambia mama, "Mayu, umejiharibia! Walishaona wenyewe kuwa huna kosa!"

"Najua."

Jioni ile ile nilibeba kichanga changu, nikamshika mwanangu Zengo mkono, tukaondoka na mama. Bariadi asingeweza kukaa, Lalago habari ingemtangulia. Tukaenda Lamadi kwa kaka yangu anayeuza samaki. Mtoto wa Jilala alipona, ilikuwa malaria tu. Selestini alitufuata kuomba radhi, nikamfungia mlango. Ila mama, hadi tunamzika, kule Bariadi alibaki mchawi kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Ndugu zangu, mwenye panga unamwona anakuja. Anayeujua ukweli akafyata ulimi, huyo unalala naye kitanda kimoja.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini alijitoa kwa mtu aliyemuuza.

"Sikujitoa kwa ajili yake," akasema. "Nilikutazama wewe, nikaona na wewe umenyamaza. Sikutaka mwanangu azeeke na kitu kile."