Mbu wa Mti wa Kwera

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia uwanja, Chiriku alimfuata mama yake kazini. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa mtaalamu wa wadudu. Alitega mbu kwenye mti mkubwa wa shule, uliojaa viota vya ndege aina ya kwera, kisha akawatambua mmoja mmoja kwa hadubini.

"Huyu vipapasio vyake vifupi, mrija wa kunyonyea damu mrefu," alisema Chiriku, jicho limeganda kwenye lenzi.

"Basi ni kuleksi, mwanangu. Ndiye tunayemshuku kuwaambukiza ndege malaria. Lakini malaria ya ndege haimpati mtu. Ya watu huletwa na anofelesi jike, na vipapasio vyake hulingana na mrija. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Alielewa vizuri sana, na hapo ndipo ninapomkasirikia.

Jumatatu, binti wa mfyatua matofali alikuja shuleni macho yamevimba kwa kulia. Mdogo wake alikuwa amelazwa kwa malaria. Wanafunzi walimzunguka yeye, na Chiriku hakupenda kuachwa pembeni.

"Mimi najua imetoka wapi," alisema. Wote wakamgeukia. "Kwera wa mti huu wana malaria. Mbu wao nimewaona kwa macho yangu!"

Yaliyobaki akayameza, maana yangeharibu utamu.

Maneno hayo yakafika majumbani, na mchana mfyatua matofali akaja na panga, nyuma yake wazazi wenye mawe na fito. Viota vikaangushwa. Makinda wasio na manyoya wakadondoka chini, wakakanyagwa. Mlinzi wa shule, mzee mpole aliyezoea kuwawekea ndege maji, alipojaribu kuwazuia akapigwa jiwe la paji la uso. Damu ikamfunika macho.

"Acheni!" Chiriku alipiga kelele. Nani amsikilize? Akakimbia, akalikumbatia shina. Panga lilikuwa limeshainuliwa. Likashuka na kupasua gome, shubiri moja tu juu ya vidole vyake.

"Wewe mtoto, una wazimu? Toka hapo!"

"Nimewadanganya, baba! Malaria ya ndege haitupati sisi. Nilijua, nikanyamaza!"

Mawe yakaacha kurushwa. Mama akafika mbio, akamfunga mlinzi kitambaa kichwani, kisha akamgeukia mwenye panga. "Kaka, leo nitatega mbu nyumbani kwako. Kesho uje uwaone mwenyewe."

Kesho yake, Mama akishamweleza namna ya kuwatofautisha mbu, mfyatua matofali aliinamia hadubini, akakaa hapo muda mrefu.

"Vipapasio virefu," alisema kwa sauti ndogo. "Wametoka wapi?"

"Kwenye mashimo unayochimba udongo, kaka. Yamejaa maji ya mvua, na maji yamejaa viluwiluwi."

Alikwenda kumwomba mlinzi radhi, akachukua koleo, na kabla ya jua kuzama mashimo yote yalikuwa yamefukiwa. Mwanawe aliporuhusiwa kutoka hospitali, alikuta uwanja mkavu.

Jumanne hiyohiyo ya kufukia mashimo, Chiriku naye alimwendea mlinzi. Mzee alikuwa na nyuzi saba kwenye paji la uso, na mbele yake karai la makinda waliokufa.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba. Ulilosema lilikuwa kweli, mjukuu wangu. Ila ulitoa nusu inayotisha, ukaficha nusu ambayo ingewaokoa hawa. Siku nyingine sema yote, au nyamaza." Akamsogezea jembe. "Haya, chimba. Mimi nikiinama kichwa kinauma."

Chiriku akachimba, akawazika makinda wote, na hakusema neno hata moja.