Kengele Iliyopigwa Mapema

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Dolphine aliitazama saa yake ili ajue kama amelala. Mtu mwingine angejua hilo bila kuambiwa, lakini Dolphine alikuwa na saa janja, zawadi ya mjomba wake Elkana, na tangu aipate hakuuamini tena mwili wake mwenyewe.

"Usingizi mzito dakika arobaini na nne tu," alilalamika. "Mama, jana zilikuwa hamsini. Nina ugonjwa gani?"

"Ugonjwa wa kuamka kila saa kuangalia hicho kitu," mama alijibu huku akisuuza karai lake la kuchekechea dhahabu. "Chaji imebaki ngapi?"

"Asilimia tisa."

"Nyathina, mwanangu, sisi huchaji vitu usiku, taa zikishazimwa, maana sola haiwezi vyote pamoja. Na usiku ndio hutaki kuivua. Sasa unataka ikuambie umelala, ama ikuambie saa ya kupiga kengele?"

Dolphine alitaka vyote viwili. Alifunga kamba za viatu akaondoka.

Shuleni kwao Macalder, kengele ilikuwa kipande cha reli kuukuu ya mgodi kilichoning'inizwa mtini. Dolphine wa darasa la saba ndiye aliyekipiga, na hata wachimbaji walipumzika kwa kengele yake. Zamani alikuwa akibeba saa ya mezani kutoka ofisini. Siku hizi aliona aibu kuonekana nayo, akaiacha huko ijihesabie yenyewe.

Siku hiyo darasa la tisa walikuwa na mtihani wa hisabati, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Dada yake Lynnet alikuwa mmoja wao, naye alikuwa amejifunza wiki nzima mpaka macho yakawa mekundu. Simu za walimu zilikuwa zimefungiwa ofisini, kwa hiyo darasa lote lilitegemea kengele.

Dolphine alikaa kwenye benchi chini ya reli. Saa tatu na dakika tano aliutazama mkono wake. Alipoutazama tena, kioo kilikuwa cheusi. Alibonyeza, akapangusa, akabonyeza tena. Mawingu yalikuwa yamefunika jua na hakukuwa na kivuli cha kumsaidia. Ofisi haikuwa mbali, lakini angemwambia nini mwalimu mkuu? Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alihesabu kimoyomoyo mpaka hesabu ikampotea. Mwishowe hofu ya kuchelewa ilimshinda, akaigonga reli.

Alipokwenda kufungua lango alimkuta Odhiambo, mwendesha bodaboda aliyekuja kuchukua karatasi za mtihani azipeleke mjini Rongo zikasahihishwe.

"Mmemaliza mapema," Odhiambo alisema, akitazama simu yake. "Mimi niliambiwa saa nne. Sasa ni saa nne kasoro dakika ishirini."

"Saa yangu ilizima," Dolphine alinong'ona.

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

Dolphine aligeuka akatazama darasa. Kupitia dirishani alimwona Mwalimu Maroa, msimamizi wa mtihani, akihesabu karatasi, na wanafunzi bado wamekaa kimya wakingoja ruhusa ya kutoka. Lynnet alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati, mabega yakimtetemeka. Wakishatoka na kuanza kuulizana majibu, dakika zile hazingerudishwa tena. Kama angesema, labda angenyang'anywa kengele. Dolphine aliona aibu, aibu kali, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kukimbia.

"Mwalimu," alisema mlangoni, akihema, "nimepiga kengele mapema. Dakika ishirini. Saa yangu ilizima, nikakisia."

Darasa liliguna. Mwalimu Maroa alimtuma alete saa ya ofisini. Alipoihakikisha, aliwarudishia watahiniwa karatasi zao na kuwapa dakika ishirini kamili. Lynnet alifuta macho kwa kiganja, akaanza kuandika.

Baada ya mtihani, mwalimu alimwita Dolphine nje. "Hiyo saa inadumu muda gani ikichajiwa?"

"Siku nne, Mwalimu. Nikipima usingizi na moyo usiku kucha, siku moja na nusu."

"Na usingizi wako umekuwa bora?"

Dolphine alifikiri. "Hapana. Naamka kuangalia."

"Basi kizime hicho kipimo, uivue saa, uichaji, ulale. Kifaa ni kizuri kikifanya kazi unayokihitajia. Ukiona kinakunyima usingizi na kengele pia, ujue wewe ndiye unayekitumikia."

"Ndiyo, Mwalimu." Dolphine alimnyooshea kile chuma cha kugongea reli. Mwalimu hakukipokea.

"Sitafuti mpiga kengele asiyekosea," alisema, "maana huyo sijawahi kumwona. Natafuta yule ambaye akikosea atanifikia kabla sijafunga bahasha ya mtihani. Haya, nenda ukapige ya mapumziko, wenzako wana njaa."