Fainali Kwenye Diski ya Pili

"Kabati limejaa," sauti ya Mkuu ilisema kwenye simu.

"Linataka fundi?"

"Sasa hivi. Fundi wao tumemzuia barabarani, lakini hatuwezi kumshikilia muda mrefu."

Sindano alikata simu na kuwasha pikipiki.

Kwa lugha ya idara ya ujasusi, kabati ni kompyuta. Hii ilikuwa ya kampuni ambayo kwenye makaratasi ilisafirisha vigae. Chini ya vigae ilisafirisha makombora. Lori lake moja lilikuwa njiani tangu asubuhi, na idara haikujua limeshika barabara gani. Dereva, ambaye hakuruhusiwa kubeba simu, alikuwa mtu wa idara.

Alikuwa pia mume wa dada yake Sindano.

Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamemgundua. Walimtumia bosi wa kampuni video inayoonyesha uso wa dereva, faili zito, na kompyuta ikakataa kulipakua. Nafasi haitoshi.

Shemeji yake alikuwa hai kwa sababu diski ilikuwa imejaa.

Mlangoni, mlinzi mnene aliyeitwa Kibonge alimnyang'anya simu.

"Na saa pia, dada."

"Saa yenyewe haitembei."

"Basi hutaikosa."

Alimwachia bisibisi, kibodi mpya na diski ya Samsung, ndogo kama pakiti ya sigara. Chini ya kibodi kulikuwa na kinasa sauti kisichozidi punje ya mchele, kinachorusha sauti hadi kwenye kofia yake ya pikipiki.

Ofisini, kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Bosi, waliyemwita Suti kwa sababu hakuivua hata kwenye joto, hakuketi.

"Wewe siye yule wa siku zote."

"Yule yuko kwenye foleni. Nirudi zangu, bosi?"

"Kaa."

Sindano alibadilisha kibodi na kufungua diski ya kwanza. Mstari wa nafasi ulikuwa mwekundu mwanzo hadi mwisho.

"Bosi, humu mmeweka nini?"

Kibonge alitazama dari.

"Mieleka," Suti alisema. "Nilimwambia huyu asipakue mieleka kwenye kompyuta ya kazi. Nilimwambia kwa Kiswahili."

"Ni michache tu, bosi."

Sindano alichomeka diski ya pili. "Tunahamishia kila kitu huku. Na kuanzia leo, chochote mnachopakua kitatua huku moja kwa moja."

"Faili zangu nitazionaje?"

"Nakuwekea njia za mkato kwenye skrini. Unabofya kama kawaida."

Suti alitikisa kichwa kukubali. "Mieleka tuifute?"

"Bosi, fainali sijaiangalia," Kibonge alisema.

"Hamisha, hamisha. Tusibishane na mtoto."

Sindano aliweka folda zote foleni. Kompyuta ikazipanga kwa alfabeti, na ile iliyoandikwa *Njia* ikakaa ya mwisho, nyuma ya mieleka. Akaanza kuhamisha. Suti naye akainama, akabofya ujumbe wa wanunuzi. Video ikaanza kushuka, moja kwa moja hadi diski ya pili.

Mistari miwili ya kijani ilikimbizana kwenye skrini.

Ule wa juu, wa folda, ukimaliza kwanza, idara ina barabara ya lori. Ule wa chini, wa video, ukimaliza kwanza, Suti ataona uso wa dereva.

Wa chini ulikuwa mbele.

"Mbona unatingisha mguu?" Suti aliuliza.

"Kiyoyozi chako. Baridi."

Jasho lilimtiririka mgongoni. Mieleka ilipita pambano baada ya pambano, kila moja likiwa zito kuliko lililotangulia. Video ilifika asilimia themanini. Fainali ikaanza kuhama.

Simu ya Kibonge iliita.

"Ndiyo. Nani? Fundi? Fundi yupi, wakati fundi yuko hapa?"

Tone likadondoka kwenye ndoo.

Suti aligeuka taratibu. "Dada. Simama."

"Nikisimama kitaharibika."

Tisini na tatu. Fainali ikapita. *Njia* ikaingia, nyepesi, mara moja.

Sindano aling'oa diski na waya wake, akaitia mfukoni.

Kibonge alikuwa ameshachomoa bastola ya Glock. Ndoo ikamfuata usoni na maji yake yote. Risasi ikapasua kiyoyozi. Sindano alimkanyaga Suti mguuni, akaruka dirisha, akaangukia marobota ya nailoni.

Yamaha ilinguruma kabla geti halijafungwa.

Ndani ya kofia yake, sauti za ofisini zilikuwa bado zinaingia kutoka kwenye kinasa cha chini ya kibodi.

"Nimfuate, bosi?" Kibonge alihema.

"Mwache. Kachukua kidude chake. Faili hizi hapa kwenye skrini, naziona."

Akabofya.

Akabofya tena.

Njia zile za mkato zilikuwa vibao vya kuelekeza tu, na nyumba ilikuwa imeshahama. Lilikuwa kosa la mtu anayetazama picha ndogo na kusahau kishale kilicho pembeni yake.

"Basi pakua upya ile video," Suti alisema, sauti ikipanda.

Kompyuta ilikataa. Ilikuwa imeagizwa kuweka kila kinachopakuliwa kwenye diski ya pili, na diski ya pili ilikuwa mfukoni mwa Sindano, ikienda kasi.

Kwenye kituo cha mafuta, ndani ya gari la idara, Mkuu alifungua folda mwenyewe. Ramani. Barabara ya machimbo.

"Timu ya kwanza, zuieni daraja. Timu ya pili, ingieni ofisini."

Sindano alizunguka gari. Akalizunguka tena. Redio ilikwaruza alipofika mlango wa nyuma.

"Lori limeshikwa. Mzigo upo."

"Dereva?" Sindano aliuliza, akiinyakua redio kabla ya Mkuu.

"Huyu hapa, anataka kuongea."

"Shemeji," sauti nzito ilisema. "Dada yako asijue."

"Asijue nini?"

"Chochote. Wanasema sura yangu ilikuwa njiani. Nani kaizuia?"

"Mieleka."

"Nini?"

"Utaiangalia mwenyewe. Fainali ninayo hapa."

Alimrudishia Mkuu redio, akavaa kofia, akaingia barabarani taratibu, akiwapisha waliokuwa na haraka.