Kifaranga Aliyejua Kuita

Kwanza kifaranga wa korongo aliacha kunuka ndege. Mlezi wake aliingia bandani na ndoo ya dagaa, akakutana na harufu ya poda, ile ile anayompaka binti yake akitoka kuoga. Akanusa mikono yake, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ungeiona ungecheka. Kituo kile cha katikati ya mji zamani kilikuwa jalala. Sasa kina bwawa na matete, na watoto wa shule huletwa kujifunza habari za vyura. Makorongo walikuwa wamehama siku nyingi, ndiyo maana, ili warudi, yai lililookotwa likaanguliwa pale kwa joto la taa. Mlezi hujifunika shuka jeupe gubigubi, hulisha kwa kikaragosi cha kichwa cha korongo, na hasemi neno. Kifaranga akizoea sauti ya mtu, kwenda kuishi na wenzake hataki ng'o. Msimamizi aliihubiri sheria hiyo mpaka wakambandika jina la Bwana Nyamaza.

Siku hiyo hiyo, mlezi akiwa ameinama, akasikia mgongoni: "Mama."

Sauti ya binti yake wa miaka minne, na kikohozi chake kidogo. Mzazi gani angekumbuka sheria? "Naam, mwanangu," akaitika, akageuka. Hapakuwa na mtu. Kifaranga alikuwa anamtazama yeye, si kikaragosi.

Jioni binti, kasuku wa nyumba ile, hakusema kitu. Kesho yake vilevile. Alimvuta mama yake nguo, akafungua mdomo, machozi yakamtoka. Daktari alimmulika koo, akasema ni zima. Na kule bandani maneno yakazidi: mama njaa, mama nibebe, mama unaniacha na nani.

"Nilimwitikia," mlezi akamnong'oneza mama yake mzazi.

"Unaitwa na usichokiona, nawe unaitika?" bibi akasema taratibu. "Mmeita vya zamani virudi pale. Mlidhani watarudi ndege tu?"

Mganga aliletwa mchana. Mwanamke mnene, mcheshi, lakini alipoliona banda alisimama mbali, ucheshi wote umemwisha.

"Jini huyo anakula kuitikiwa," akasema chini chini. "Kesho mfungulie aende zake. Mpaka atakaporuka, yeyote atakayekuita mama, usimwitikie. Ukikosea, sauti ya mtoto ndiyo basi tena."

Asubuhi, siku iliyokuwa imepangwa tangu zamani ya kumwachia ndege, Bwana Nyamaza akawapanga wanafunzi nyuma ya uzio. Mlezi, ndani ya shuka lake, akafungua mlango. Ndege akatoka, akaingia kwenye matete, hakuruka. Akaanza kuita mama, akalia, akaomba maji, akauliza kosa lake ni nini, na mlezi akauma shuka kwa meno, jasho likimtiririka, akimuomba Mungu ampe ukiziwi hata wa dakika moja tu, mpaka ghafla kukawa kimya.

"Mama, uko wapi? Nimepona, sikia nasema."

Safari hii sauti ilitokea nyuma yake, kwenye daraja la mbao, na ndala ndogo zikipiga mbao. Mlezi akajiambia, wewe mjanja, lakini leo hunipati, na akakaza meno, hakugeuka, ingawa moyo ulikuwa unamvuta shingo kama mtu anayevutwa kwa kamba.

Asilolijua ni kwamba alfajiri hiyo, yeye akiwa ameshaondoka, mtoto aliamka anaongea, na bibi kwa furaha akambeba mbio kumletea mama yake habari. Sasa bibi alikuwa getini anahema, mtoto ameshamponyoka.

"Mama, mbona huitiki?"

Kwenye matete ikajibu sauti ya mlezi mwenyewe, laini, yenye mapenzi yote: "Naam, mwanangu. Niko huku."

Mtoto akampita yule mtu wa shuka asiye na uso, akashuka kwenye maji anacheka. Mlezi akalivua shuka, akamkimbilia, akafungua kinywa amwite jina. Pumzi ilitoka. Sauti haikutoka.