Mistari Miwili ya Mwisho

Laptopu ilikuwa imezimwa, lakini feni yake iliendelea kuvuma, na chumba kilinuka nywele zilizoungua. Mtu mwenye akili angeitoa nje. Mheshimiwa aliiwasha.

Jina hilo majirani walimpa kwa dhihaka, yeye akalivaa kama cheo. Kwa siku tatu tangu aiwashe, bila kuizima, alikuwa akiandika hotuba ya kugombea uenyekiti wa jengo lao la ghorofa nne, na hakuwa amehifadhi hata neno moja. Kuhifadhi, alisema, ni kwa watu waoga. Basi mashine ile kuukuu ikakwama, ikaandika: memori imejaa, funga baadhi ya programu.

Akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Fungua orodha ya programu, uzime zile usizozitumia," fundi alimwambia. "Ila usiguse usichokijua, mzee. Nakuja."

"Wewe binti wa juzi unifundishe mimi?" Akakata simu.

Katika orodha kulikuwa na mistari kadhaa isiyo na jina. Akafunga mmoja, na jikoni friji likanyamaza. Akafunga wa pili; saa ya ukutani ikaacha kugonga. Hakusikia, kwa kuwa masikio yake yalijaa hotuba. Chumba cha pili mkewe alikuwa akishona, cherehani ikitatarika kama kila asubuhi, na Mheshimiwa akafunga wa tatu, na cherehani ikakatika katikati ya mshono, na ukimya ukatanda nyumba nzima pamoja na ile harufu, ukapanda mpaka kwenye kiti chake, na yeye, mpumbavu wa kutupwa, akatabasamu kwa sababu herufi sasa zilikuwa zinakimbia.

Fundi aliingia mbio. Alikuwa amepita mlangoni mwa chumba cha mke na kumwona: mguu juu ya pedeli, macho wazi, hapumui.

"Mzee," alinong'ona, "humo ndani kuna jini. Zima mashine sasa hivi, mama atarudi."

"Ngoja nihifadhi hotuba."

"Mzee, mkeo!"

"Dakika moja tu!"

Laptopu ikaandika: memori haitoshi, funga moja. Ilibaki mistari miwili.

"Usiguse," fundi alisema. "Hiyo ni mimi na wewe."

Mheshimiwa alimtazama, akaitazama hotuba. Maisha yake yote aliamini kwamba popote penye orodha, yeye ndiye wa juu. Akaufunga wa chini.

Kidole chake kikagandia pale pale, naye akakoma kupumua. Fundi akairukia laptopu, akachomoa betri. Friji likaguruma, saa ikagonga, cherehani ikamalizia mshono wake. Mheshimiwa naye akasimama, taratibu.

Mke alitokea na mkasi mkononi. "Mbona kimya humu?"

Mumewe alifungua kinywa. Halikutoka neno. Kifuani mwake feni ilikuwa inavuma, na laptopu mikononi mwa fundi ilikuwa baridi, haina sauti.

Mke akainusa ile harufu ya nywele zilizoungua ikitoka kwenye kinywa kile, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu si mume wangu," alinong'ona. "Mume wangu hajawahi kunyamaza."